Habari ya Manowari Niliyoipeleka Lackawanna

Asubuhi ile nilitoka nyumbani mtaa wa Beechmont nimevaa sare ya kazi, chakula cha mchana kwenye mfuko wa plastiki, na nia yangu ilikuwa kwenda kazini. Ilikuwa Machi, mwaka 2015. Ofisi iliyokuwa ikinituma kuhudumia wazee majumbani kwao ilikuwa imenipangia mzee mpya upande wa mashariki wa jiji la Louisville, huku Amerika, na saa mbili kamili nilitakiwa niwe nimebonyeza kengele yake. Nilipanda basi la jiji kama kawaida. Lilipofika pale pa kubadilisha, sikushuka. Nilitazama wenzangu wakishuka, mlango ukajifunga, basi likaendelea kuelekea katikati ya jiji, nami nimekaa tu na mfuko wangu magotini.

Nikashukia karibu na stendi ya mabasi ya safari ndefu. Nilinunua tiketi ya Columbus kwa sababu ndilo basi lililokuwa likiondoka, na kwa sababu shangazi yangu anakaa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, na tangu Krismasi nilikuwa sijala ugali uliosongwa na mtu mwingine.

Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nilizaliwa na Warundi, kambini, mkoa wa Kigoma, na shule niliiacha darasa la tano kwa sababu kulikuwa na lori la magogo lililopita kila Jumanne na nilitaka kujua linakwenda wapi. Nilijua. Niliporudi baada ya siku nne mwalimu alikuwa amenifuta kwenye daftari, nami sikumwomba aniandike tena. Tangu hapo nimejifunza vitu kwa kuuliza watu, na ubaya wa kuuliza ni kwamba kuna siku utajibiwa.

Katika mfuko wa ndani wa koti nilikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi sita zilizopigwa chapa, historia ya utumishi wa manowari moja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kadi moja ya Krismasi. Nilipewa na binti wa mzee niliyemhudumia kabla ya huyo niliyemkimbia asubuhi ile. Siku ya tatu baada ya kumzika baba yake, mwishoni mwa Januari, tulikuwa tukisafisha chumba, akanisukumia bahasha kifuani.

"Chukua," aliniambia. "Wewe ndiye uliyemsomea. Mimi sitaweza."

Mzee huyo alikuwa anakaribia miaka tisini na macho yalikuwa yamemwisha. Siku ya kwanza nilipofika kwake, kabla hajauliza jina langu, aliniuliza kama najua kusoma.

"Najua," nilisema, "lakini polepole."

"Vizuri. Na mimi nakufa polepole. Tutakwenda sawa."

Nilimwita mzee, kwa Kiswahili, akalipenda neno hilo akataka hata binti yake alitumie. Kila siku, baada ya kumwogesha na kumnywesha supu, alinielekeza kwenye droo nikatoa zile karatasi. Zilikuwa zimetungwa na chama cha wanamaji waliotumika pamoja kwenye meli hiyo, chama ambacho wakati huo kilikuwa kimebaki na watu wawili, yeye na mwingine aliyekuwa hajitambui tena. Nilisoma mstari, nikakwama, akanipa neno, nikaendelea. Nilipotamka jina la kisiwa vibaya alicheka mpaka akakohoa. "Hapo tumepigana wiki tatu," alisema, "na wewe umekifanya kuwa aina ya maharage."

Mimi nilikuwa sijawahi kuona manowari. Meli kubwa niliyoijua ilikuwa ya abiria, ile iliyopita ziwa Tanganyika. Kwa hiyo nilimchosha kwa maswali. Kwa nini nyembamba hivyo? Watu walilala wapi? Kama watu mia tatu wamo ndani, nani anapika? Alinijibu yote. Aliniambia kwamba kwa Kiingereza aina hiyo ya manowari inaitwa mharibifu, lakini kazi yake hasa ni ya mchungaji. Ni ndogo, ina mbio, inatangulizwa mbele na pembeni ya meli kubwa ili ikutane na hatari kwanza.

Na ndivyo karatasi zilivyosema. Ilishushwa majini upande wa mashariki mwa nchi, mjane akaipasulia chupa ya mvinyo puani kwa kuwa ilipewa jina la mumewe. Mwaka wa kwanza ilivuka Atlantiki kwenda na kurudi, ikisindikiza misafara ya meli za chakula na mafuta, ikisikiliza nyambizi chini ya maji na kudondosha mabomu pale iliposikia kitu. Meli moja ya msafara ikapotea, manowari ikaokoa watu kwenye mafuta yanayowaka. Kisha ikapita mfereji wa Panama, ikaingia Pasifiki, na humo ikatumika mpaka vita vilipokaribia kwisha. Mwishoni iliwekwa peke yake, mbali mbele ya meli nyingine zote, na rada yake, ili ione ndege za adui mapema na kutoa habari.

"Kama mbuzi wanayemfunga nje ya zizi kumvuta chui," nilisema.

"Nani kakuambia hivyo?"

"Nimefikiri tu."

"Ulipaswa kuwa admirali," alisema, na siku hiyo hakutaka tuendelee.

Sehemu ya mwisho ilikuwa kwenye karatasi ya tano. Ndege tatu ziliwajia asubuhi. Mbili zilitunguliwa. Ya tatu ilijiangusha nyuma, kwenye tezi. Na hapo palikuwa na mstari huu, ambao niliusoma mara nyingi mno hivi kwamba naweza kuusema kwa moyo: chumba cha mitambo ya nyuma kilifurika, kikafungwa, na meli ikaondoka kwenye mapigano kwa nguvu zake yenyewe. Baada ya hapo ni matengenezo, nishani, miaka ya kufungwa gatini bila kazi, na kuuzwa kama chuma chakavu.

Ilikuwa Novemba nilipoufikia mstari huo mara ya kwanza. Nikauliza kama nilivyozoea kuuliza kila kitu: "Nani aliyekifunga?"

Mzee alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Soma mbele."

Katikati ya Desemba ikaja kadi kutoka Lackawanna, mji ulio jirani na Buffalo. Kila mwaka ilikuja. Alikuwa nazo kwenye boksi la viatu, tangu vita vilipokwisha: za zamani ziliandikwa na mama mmoja kwa wino wa bluu, halafu, mama alipofariki, na binti yake. Niliifungua nikasoma. Mwanamke huyo aliandika kwamba theluji imekuwa nyingi, kwamba goti linamsumbua, na kwamba anamshukuru tena, kama mama yake alivyomshukuru kila mwaka, kwa kukaa na kaka yake mpaka dakika ya mwisho na kumshika mkono. Kwamba hilo ndilo lililomfanya mama yao aweze kuishi.

"Soma tena," mzee alisema.

Nikasoma tena.

"Uliniuliza nani alikifunga."

Nikasogeza kiti.

"Mimi," alisema. "Kuna kifuniko cha chuma sakafuni, kina gurudumu juu yake. Ofisa akaniambia funga. Maji yalikuwa yamefika kiunoni mwao. Walikuwa watano. Huyo kaka yake nilimwona uso. Alikuwa anapanda ngazi, anatabasamu, alijua ni mimi. Nikafunga, nikazungusha gurudumu mpaka mwisho."

"Na kama ungekiacha wazi?"

"Tungezama wote. Niliambiwa hivyo, na ni kweli. Nimelipigia hesabu hilo maisha yangu yote na kila mara ni kweli." Alikuwa anasugua blanketi kwa kidole gumba. "Kulikuwa na hewa kidogo imebaki juu, chini ya kifuniko. Walikuwa na spana. Waligonga. Nilikaa pale juu. Ofisa alikuja kuniondoa akaniacha. Waligonga mpaka jioni. Mwishoni alibaki mmoja anayegonga."

Nikasema, "Pole, mzee."

"Mama yake alipoandika kuuliza, mimi nikamwambia nilimshika mkono. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifikiri ni barua moja. Sikujua atajibu."

Mwaka huo hakutaka nimwandikie kadi ya kurudisha, ingawa kila mwaka alirudisha. Nikamuuliza kama anataka yule mama wa Lackawanna aambiwe. Aligeuza uso upande wa dirisha, ambako alikuwa haoni kitu.

"Wewe ungetaka?" akaniuliza.

Nilifikiri nina siku nyingi za kumjibu. Wiki ya nne ya Januari akafariki, mchana, akiwa usingizini, na mimi niko jikoni nachemsha supu.

Basi nilifika Reynoldsburg alasiri. Shangazi alikuwa ameamka muda si mrefu, maana alikuwa anafanya shifti ya usiku kwenye ghala la nguo. Alinifungulia mlango na kitenge begani, akaniangalia sare yangu kutoka juu mpaka chini.

"Kazi umeacha tena."

"Sijaacha, shangazi. Nimechelewa."

"Umechelewa maili mia mbili?" Akanivuta ndani kwa sikio, mtu mzima mimi. "Wewe baba yako alikuzaa njiani au nyumbani? Hebu niambie, mimi sikuwepo."

Binti yake mdogo, aliyekuwa kwenye kochi na simu, akacheka akasema kitu kwa Kiingereza kuhusu binamu anayekuja bila begi. Shangazi akamwambia aweke maji ya ugali jikoni. Akajibu kwa Kiingereza kwamba ana mtihani. "Mtihani utaula?" shangazi akamuuliza, na mtoto akainuka.

Tulipomaliza kula nilimweleza yote: manowari, kifuniko, spana, kadi, na kwamba nafikiria kwenda Lackawanna. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mumewe shangazi aliondoka kambini mwishoni mwa miaka ya tisini kwenda kuangalia shamba lao Burundi, kwa siku kumi, na hakuonekana tena. Hakuna aliyeleta habari. Watu walisema ameuawa njiani, wengine walisema amevuka Kongo, mmoja alisema amemwona Bujumbura ana mke mwingine. Shangazi hakuwahi kuweka matanga, kwa hiyo hakuwahi kuyaondoa. Nilijua ninamweleza nani, na nikaona aibu kidogo, lakini sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Huyo mama," alisema, "amelia akamaliza. Amefarijika. Wewe unakwenda kumwamsha."

"Basi nisiende."

"Nimesema usiende?" Alikusanya sahani moja juu ya nyingine. "Utakwenda, kwa sababu mzee amekufa na yeye hajui. Desemba ataandika kadi kwa maiti. Hilo ni lazima. Hilo lingine..." Akaenda nazo kwenye sinki, akafungua maji, akayafunga. "Mimi, mtu akija leo akaniambia waliniulia mume wangu kwa panga, wakamtupa mtoni, nitaanguka hapa hapa. Watoto watapiga simu ya ambulansi. Lakini nitainuka nimejua. Mimi ningetaka. Huyo mama sijui. Kwa hiyo sikiliza: asipouliza, nyamaza. Akiuliza, usimdanganye. Amedanganywa na mtu mmoja, inatosha."

Kisha akaanza kunifunda kana kwamba natumwa kijiji cha pili. Nisiseme habari nikiwa nimesimama mlangoni. Niingie, niketi, nipewe maji, ninywe, ndipo niseme, maana habari ya kifo haisemwi na mtu mwenye kiu. Nisipige simu kabla, kwani simu inamwacha mtu peke yake na habari. Na nisiende mikono mitupu. Akafungua kabati akatoa mfuko wa sukari na paketi ya majani ya chai, akavitia kwenye mfuko wa duka.

"Shangazi, ni msiba wa miaka sabini."

"Kwa hiyo sukari imegeuka chumvi?"

Asubuhi binti yake alinipeleka stendi kabla ya kwenda shule. Tulipofika akaniuliza, kwa Kiswahili, jambo lililonishangaza, kama baba yake na yeye aligonga mahali. Nilimwambia sijui. Akasema sawa, akafuta uso kwa mkono wa sweta, akaniambia nisisahau mfuko.

Njia yote ya Cleveland hadi Buffalo niliandaa maneno mawili. La kwanza lilikuwa fupi: mzee amefariki, alikuwa akizipenda kadi zako. La pili sikuweza kulipanga. Kila nilipoanza, ule uso unaotabasamu kwenye ngazi uliniziba. Nilianza kutamani mama huyo awe amehama, au amesahau mambo, au hata awe amefariki, Mungu anisamehe. Nilikuwa na nauli ya kurudi. Hakuna aliyenituma, isipokuwa shangazi, na yeye hakunituma, alinielekeza tu baada ya mimi kujituma.

Buffalo theluji ilikuwa bado imerundikana pembeni mwa barabara, nyeusi kama makaa. Nikapanda basi la jiji la kwenda Lackawanna. Upande wa ziwa, pale palipokuwa na kiwanda cha chuma, palikuwa pamebaki uwanja mkubwa na mitambo ya kufua umeme wa upepo inazunguka. Anuani ilikuwa nyuma ya bahasha ya kadi. Nyumba za mtaa ule zilikuwa nyembamba, za mbao, zimebanana, kila moja na ngazi tatu mbele. Nilipita mbele ya yake mara mbili. Mara ya tatu pazia likasogea, nikaona afadhali nigonge kabla hajaita polisi.

Mlango ulifunguliwa kidogo, mnyororo haujatolewa. Mama mfupi, amevaa ndara za kiume, miwani kwenye nywele.

"Kama ni Biblia, ninayo," alisema. "Kama ni umeme wa bei rahisi, sitaki."

"Nimetoka Louisville, mama."

Alinitazama. Mnyororo ukatoka.

Aliniketisha sebuleni, yeye akaketi mbele yangu, mikono magotini, akangoja. Nami nikangoja. Sikupewa maji. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme kabla sijanywa, na kwa jinsi nilivyoogopa nilishikilia agizo hilo kama mtu aliyeshikilia kamba. Saa ya ukutani ikawa inasema peke yake. Nikamwuliza habari za goti. Akasema goti ni goti. Nikasifu nyumba. Akasema paa linavuja.

"Kijana," alisema mwishowe, "una nini?"

"Naomba maji ya kunywa, mama."

Akacheka kidogo, kwa mshangao, akaenda kuleta. Nilikunywa yote. Nilipoweka glasi chini, yeye ndiye aliyetangulia.

"Amefariki, si ndiyo? Nilihisi tangu kadi yake ilipokosa kuja."

"Ndiyo, mama. Januari. Alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhudumia."

Akainama akatoa miwani kwenye nywele, akaivaa, akaivua. Alilia kidogo, bila sauti. Nikamkabidhi mfuko. Alitoa sukari akaiweka mezani, akatoa majani ya chai, akavitazama vyote viwili, akaniuliza ni vya nini. Nikamwambia kwetu mtu haendi kwenye msiba mikono mitupu.

"Nina kisukari," alisema.

"Pole, mama."

"Usijali. Hakuna mtu aliyewahi kuniletea chochote kwa ajili yake. Nilikuwa na miaka minane. Watu walimletea mama." Akaigeuza ile sukari maandishi yamwelekee. Kisha akaanza kunisimulia habari za kaka yake, jinsi alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda kutazama kiwanda kinapomwaga masalia ya chuma kilichoyeyuka kando ya ziwa, mbingu nzima ikawa nyekundu, na yeye akimwambia kwamba jua limesahau kitu limerudi kukichukua. Baba yao alifanya kazi humo. Kaka angeweza kubaki kiwandani, lakini alitaka kuona bahari. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali, alisema, mpaka watu wanachoka naye.

Nilianza kuinuka. Nilikuwa nimeshasema la kwanza, na nilitaka kuondoka na hilo.

"Wewe uliishi naye, huyo mzee," alisema. "Alikusimulia chochote kuhusu kaka yangu? Zaidi ya yale ya kwenye barua?"

Nikakaa tena. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: ndege ya tatu, maji kiunoni, watu watano, gurudumu. Sikupunguza, maana sikujua pa kupunguza. Kiingereza changu kilikuwa kinakatika, na kila kilipokatika yeye alingoja, hakunisaidia neno hata moja. Nilipofika kwenye spana aliinua mkono, nikanyamaza.

"Muda gani?"

"Mpaka jioni."

"Ndege ilikuja saa ngapi?"

"Asubuhi, mama."

Alisimama akachukua glasi yangu akaenda jikoni. Nilisikia maji yanatiririka muda mrefu. Niliweza kumwona mgongo tu. Alikuwa anaosha glasi moja, anaiosha tena.

"Aliandika kwamba alimshika mkono," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Barua ile mama alizikwa nayo. Yeye mwenyewe aliomba. Mimi ndiye niliyemwekea mikononi." Akafunga maji. "Amelala na uongo mikononi, na mimi ndiye niliyeuweka. Nikifika huko nimwambie nini?"

Nilimwambia kwamba kama kifuniko kisingefungwa wangezama wote. Akasema anaelewa, baba yake alifanya kazi na chuma, anajua milango ya chuma ni ya nini. Hasira yake haikuwa hapo.

"Miaka sabini," alisema. "Alikuwa na gari. Kutoka Louisville ni siku moja. Angekuja. Ningempiga kofi, kisha ningempikia. Mtoto wa miaka kumi na tisa! Angekuja hata mama akiwa hai, mama angempiga kofi, kisha angempikia." Alirudi akaketi, sasa kwenye kochi nililokaa mimi, upande wa pili. "Badala yake alikuwa ananitumia kadi zenye picha za ndege wadogo kwenye theluji."

Nje basi lilipita, nikaona namba yake, lilikuwa lile la kurudi mjini. Nikasema labda sasa nimwache apumzike.

"Unakwenda wapi?"

"Buffalo. Kuna Warundi huko, na Wakongo. Nikiuliza kanisani nitapata pa kulala."

"Unamjua hata mmoja?"

"Bado."

Alinigeukia. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu kabisa. "Huwezi kuniletea kitu kama hiki halafu ukaenda kulala kwa watu wengine."

Shangazi hakuniambia lolote kuhusu hilo. Labda aliona si la kuambiwa, kwa sababu kwetu kila mtu analijua: aliyeleta habari ndiye anayelala nayo siku ya kwanza, nyumba ile ile. Mimi nilikuwa nimekaa Amerika kiasi cha kulisahau, na mama huyu, ambaye hakuzaliwa nalo, ndiye aliyelisema.

Akanipandisha ghorofani, polepole, kwa ajili ya goti. Chumba kilikuwa kidogo, upande wa ziwa, bado kuna mwanga wa alasiri. Kitandani palikuwa na nguo za kupiga pasi, maboksi, cherehani bila mfuniko. Tulivihamisha pamoja mpaka ukutani. Alitoa shuka kabatini, akashika upande mmoja, nami mwingine, tukalitandika. Sikuuliza kilikuwa chumba cha nani, na hakusema. Kwa hilo moja niliweza kujizuia.

Alipofika mlangoni alisimama, mkono kwenye fremu.

"Kesho asubuhi utaniambia tena," alisema. "Tangu mwanzo. Leo nimesikia nusu."

"Ndiyo, mama."

Nilimsikia akishuka ngazi, hatua moja, kisha kupumzika, kisha nyingine. Niliketi kitandani nikavua viatu, nikatoa zile karatasi sita kotini, nikaanza kutafuta maneno ambayo nisingeyakwamia.